Kuhamisha Kumbukumbu za Miradi Yetu: Tulivyofanya na Tulichojifunza

Na Mratibu wa Miradi ya Maendeleo



Katika matoleo yaliyopita ya jarida hili tumezoea kuwaletea habari za visima, miche ya miti, vikundi vya mikopo na vijana wanaohitimu vyuo vya ufundi. Mara hii tunaomba kuwaletea habari za kazi ambayo hakuna mgeni rasmi aliyekuja kuikatia utepe. Ni kazi ya kuhamisha kumbukumbu zote za miradi kutoka katika seva ya zamani kwenda katika seva mpya, ambayo tuliikamilisha mwaka 2025.

Baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza kwa nini fedha zilitumika kununua kompyuta wakati kuna wanafunzi wanaosubiri kusaidiwa. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la wazi. Marafiki wetu wanaochangia miradi nao wameuliza kwa nini barua zao zilichelewa kujibiwa kwa majuma kadhaa. Makala hii inajaribu kujibu maswali yote mawili, na mwishoni ina maombi kwa kila kamati ya usharika.

SEVA NA KANZIDATA NI NINI?

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haikaliwi na mtu mmoja. Inawekwa chumbani, inawashwa usiku na mchana, na kompyuta nyingine za ofisini zinaunganishwa nayo ili zipate kusoma na kuandika kumbukumbu mahali pamoja. Karani wa mikopo akiandika marejesho, mhasibu anayaona papo hapo bila kuletewa karatasi.

Kanzidata ni kumbukumbu zenyewe zilizomo ndani ya seva hiyo. Wazee wa kanisa wanaweza kuielewa kwa kufikiria rejista za usharika. Kuna rejista ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya mazishi. Kila moja ina mistari na safu: namba, jina, tarehe, wazazi, mtaa. Kanzidata ni rejista nyingi za namna hiyo, na zimefungwa pamoja kwa namba. Mwanafunzi ana namba yake, usharika wake una namba, na mfadhili wake ana namba. Kompyuta haimjui mtoto kwa sura wala kwa jina la babu yake. Inamjua kwa namba hiyo. Namba ikibadilika bila kukusudia, mtoto wa usharika mmoja anaweza kuonekana yuko chini ya mfadhili wa mtoto mwingine, na barua ikamfikia asiyehusika.

Kwa hiyo kuhamisha kanzidata ni zaidi ya kubeba sanduku. Ni kama kunakili rejista zote za usharika katika vitabu vipya, huku kila mstari ukibaki na namba yake na kila jina likibaki na herufi zake.

KWA NINI TULILAZIMIKA KUHAMA?

Seva yetu ya zamani ilinunuliwa mwaka 2009. Ilikuwa inatumia Windows Server 2003, na kanzidata zilikuwa katika programu ya MySQL toleo la 5.1. Ilituhudumia vizuri kwa miaka mingi kuliko tulivyotarajia, na tunawashukuru wote walioichangia wakati ule. Hata hivyo kulikuwa na sababu tatu za kuhama.

Kwanza, matengenezo yake yalikwisha. MySQL 5.1 iliacha kutengenezewa marekebisho mwishoni mwa mwaka 2013, na Windows Server 2003 tarehe 14 Julai 2015. Maana yake ni kwamba tangu hapo udhaifu wowote unaogunduliwa katika programu hizo hauzibwi. Ni sawa na nyumba ambayo kitasa chake kimeharibika na aliyekitengeneza hatengenezi tena vya aina hiyo.

Pili, mashine yenyewe ilichoka. Diski za seva ya namna hiyo huzunguka kwa kasi muda wote, na chuma kinachozunguka hakina budi kuisha. Umeme ulipokatika na kurudi ghafla, mara nyingine ilichukua nusu saa kuwaka, na mara nyingine fundi wetu wa TEHAMA alilazimika kuiwasha mara tatu.

Tatu, sheria imebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka kila anayekusanya na kutunza taarifa za watu azitunze kwa usalama, zikiwa sahihi, kwa kusudi lililotajwa tu, na ajisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kumbukumbu zetu zina majina ya watoto, hali za familia zao, na hata habari za afya. Tusingeweza kusema tunazilinda wakati zimo katika mashine isiyozibwa matundu kwa zaidi ya miaka kumi.

KOSA LA MWAKA 2009

Kabla hatujaeleza hatua tulizofuata, ni vema tukiri kosa. Mwaka 2009 tulipohamisha majina kutoka katika madaftari na kompyuta ya zamani kwenda katika seva ile, tulifanya kazi kwa haraka. Tulipoona majina yanaonekana kwenye kioo, tulishukuru na kwenda nyumbani. Hatukuhesabu.

Mwaka uliofuata usharika mmoja ulituandikia barua. Watoto wao wawili wa sekondari walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, ingawa mfadhili alikuwa amekwisha kutuma fedha. Tulipotafuta, fedha zilikuwapo benki na barua ya mfadhili ilikuwapo katika faili. Majina ya watoto ndiyo hayakuwapo katika seva, na orodha ya malipo ilichapishwa kutoka katika seva. Mmoja wa watoto wale alirudi shuleni baada ya majuma matano. Wa pili alikuwa amekwisha kuacha masomo na kwenda mjini kutafuta kazi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulijifunza kwamba hata mtoto anaweza kupotea bila habari daftari likiwapo, ikiwa daftari hilo limenakiliwa vibaya. Katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, tunasoma habari za familia za makuhani waliorudi kutoka uhamishoni, ambao majina yao hayakupatikana katika orodha za koo, nao wakazuiwa kutoa huduma. Kukosekana katika orodha si jambo dogo. Kwa mtu anayetegemea orodha hiyo, ni kama kukosekana kabisa.

HATUA TULIZOFUATA SAFARI HII

Hatua ya kwanza: kuorodhesha vilivyomo

Tuliandika katika karatasi kila kanzidata iliyokuwa katika seva ya zamani, ni nani anayeitumia, ni nani anayeruhusiwa kuandika, na inategemea programu gani. Tulikuta kanzidata nne zinazotumika: wanafunzi na wafadhili, mikopo ya vikundi, miradi ya maji, na stoo ya vifaa. Tulikuta pia mbili ambazo hakuna aliyekumbuka zilitengenezwa na nani. Vilevile tulikuta kwamba neno la siri la msimamizi wa seva lilijulikana na watu wawili tu, na mmoja wao amekwisha kustaafu. Tulimfuata nyumbani kwake, naye alilikumbuka. Tunamshukuru Mungu kwa kumbukumbu yake njema, lakini si utaratibu wa kutegemea.

Hatua ya pili: nakala tatu

Kabla ya kugusa kitu chochote tulitoa nakala ya akiba ya kanzidata zote. Kanuni tuliyofuata ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mbali na jengo. Mbili zilibaki ofisini, na moja ilipelekwa kufungiwa katika sanduku la chuma katika ofisi ya Jimbo. Moto, wezi au maji ya mvua yakija mahali pamoja, pengine pabaki salama.

Nakala ambayo haijajaribiwa si nakala bado. Kwa hiyo tulichukua kompyuta nyingine, tukairudishia nakala hiyo tangu mwanzo, tukaona kama inafunguka. Nakala ya kwanza tuliyojaribu haikufunguka, kwa sababu ilikatika katikati wakati wa kunakiliwa na hakuna aliyetambua. Kama tungeitegemea, tungelia.

Hatua ya tatu: kuhamisha kwa majaribio

Hatukuhamisha kumbukumbu zenyewe moja kwa moja. Tulihamisha nakala kwenda katika seva mpya, ambayo inatumia MySQL toleo la 8.4, huku kazi ikiendelea kama kawaida katika seva ya zamani. Kusudi lilikuwa kuona ni nini kitaharibika kabla hakijamuumiza mtu. Mengi yaliharibika, na tutayaeleza hapa chini.

Hatua ya nne: kulinganisha

Tulilinganisha kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuhesabu mistari ya kila jedwali katika seva zote mbili. Njia ya pili ni kujumlisha: jumla ya michango, jumla ya mikopo na jumla ya marejesho lazima zilingane hadi shilingi ya mwisho. Njia ya tatu ni kuchukua majina machache bila kuchagua, kuyachapisha kutoka katika kila seva, na kumpa mtu asiye wa ofisi yetu asome neno kwa neno. Hesabu inaonyesha kilichopotea. Jumla inaonyesha kilichogeuka. Kusoma kunaonyesha kilichoharibika ingawa hakikupotea.

MAMBO MATATU TULIYOKUTANA NAYO

1. Watoto wasio na tarehe ya kuzaliwa

Katika jaribio la kwanza, orodha ya wanafunzi katika seva mpya ilikuwa pungufu kwa majina 43. Tulikumbuka mwaka 2009 na tukasimama hapo hapo.

Tulipochunguza, tuligundua kwamba majina 31 kati ya hayo yalikuwa ya watoto ambao tarehe yao ya kuzaliwa haikujulikana. Zamani karani alipokosa tarehe aliandika sifuri tupu: mwaka sifuri, mwezi sifuri, siku sifuri. MySQL ya zamani ilikubali. Kuanzia toleo la 5.7 la mwaka 2015, programu hiyo kwa kawaida hukataa tarehe ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna siku inayoitwa sifuri, na mstari mzima unakataliwa pamoja nayo.

Fikirini ni watoto gani hao. Mtoto aliye na wazazi wote wawili na cheti cha kuzaliwa cha RITA hakosi tarehe. Wanaokosa ni yatima waliolelewa na bibi, watoto waliookotwa, na wale ambao mama zao walifariki mapema kabla ya kadi ya kliniki kuhifadhiwa. Seva haikuwa na ubaya wowote nao, ilifuata kanuni yake tu. Lakini kanuni hiyo iliwaondoa wale hasa ambao mradi ulianzishwa kwa ajili yao.

Shauri la kwanza lililotolewa lilikuwa jepesi: tuwaandikie wote tarehe 1 Januari, tuendelee. Tulilikataa. Tarehe ya kubuni ikishaandikwa inaonekana kama tarehe ya kweli. Kesho itanakiliwa katika fomu ya chuo, keshokutwa itapingana na cheti cha kuzaliwa atakachopata, na kijana atahangaika kueleza kwa nini ana umri wa aina mbili. Zaidi ya hayo, umri ndio unaoamua mtoto anakaa katika mradi hadi lini. Kumbunia mwaka ni kumpunguzia au kumwongezea bila haki.

Tulichofanya ni kuiacha sehemu hiyo wazi, kwa namna ambayo seva mpya inaielewa kuwa "haijulikani". Kisha tuliandikia sharika zinazohusika, tukaomba waangalie rejista za ubatizo, kwa kuwa rejista nyingi huandika pia siku ya kuzaliwa. Tarehe 22 zilipatikana kwa njia hiyo. Watoto 9 bado wako wazi, lakini wamo katika orodha, na mahitaji yao ya shule yanalipwa.

Tuongeze neno hapa kwa wafadhili. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikafuata. Mahitaji yaliyobaki ni sare, madaftari, gharama za bweni, na masomo ya vyuo vya ufundi. Mtoto wa bibi hana pa kuyapata hayo kama jina lake limeanguka njiani.

2. Majina yenye ng' na majina ya marafiki wetu

Majina 12 yaliyobaki katika yale 43 yalikuwa na alama ya ritifaa, ile inayokaa juu baada ya herufi ng, kama katika Mang'ola, Mang'ula au Ng'iresi. Katika lugha ya kanzidata alama hiyo ina kazi nyingine: hufungua na kufunga maneno. Njia tuliyotumia mara ya kwanza kutoa majina haikuiambia seva kwamba alama hii ni sehemu ya jina. Kwa hiyo seva ilipofika kwenye ng' ilidhani jina limekwisha, ikachanganyikiwa na maneno yaliyofuata, ikaukataa mstari. Tulibadilisha njia ya kutoa majina, tukatumia chombo cha MySQL chenyewe kinachojua kulinda alama hizo, na yote 12 yakarudi.

Kulikuwa na majina mengine ambayo hayakukataliwa, ila yaliingia yakiwa yameharibika. Kompyuta hutunza herufi kama namba, na kuna mapatano tofauti ya namba gani ni herufi gani. Mapatano ya zamani tuliyotumia yalikuwa na nafasi 256 tu. Mapatano mapya yana nafasi ya herufi za karibu lugha zote za ulimwengu. Maandishi yaliyoandikwa kwa mapatano moja yakisomwa kwa mengine, herufi nyingi zinabaki salama lakini chache zinageuka. Herufi ö iliyo katika majina mengi ya Kiswidi na Kijerumani iligeuka kuwa alama mbili za ajabu, na ritifaa iliyopinda ikageuka kuwa tatu.

Mtu anaweza kusema hilo ni jambo dogo. Lakini mfadhili anayepokea barua ya shukrani yenye jina lake limevurugika anajiuliza kama kweli anajulikana. Na kijana ambaye jina lake katika cheti ni tofauti na jina lake katika orodha ya chuo anaweza kunyimwa nafasi. Jina ni mali ya mwenye jina.

3. Tarehe na namba za simu

Kumbukumbu za mikopo ya vikundi zilipitia kwanza katika Excel, katika kompyuta iliyokuwa imewekwa kwa utaratibu wa Kimarekani. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani wanaandika mwezi kwanza. Tarehe 3/7, yaani tarehe 3 Julai, ikasomwa tarehe 7 Machi. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani haraka, kwa sababu linagusa tarehe 1 hadi 12 tu. Tarehe 25/7 haiwezi kusomwa Kimarekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo iliachwa kama maneno. Baadhi ya wanakikundi walionekana wamechelewa marejesho kwa miezi minne, na wengine walionekana wamelipa kabla ya kukopa. Tungetoza faini watu wasio na kosa.

Vilevile Excel ilidhani namba za simu ni hesabu, ikafuta sifuri ya mwanzo. Namba yenye tarakimu kumi ikabaki tisa. Dawa ya yote mawili ilikuwa kutopitisha kumbukumbu katika Excel hata kidogo, bali kuzitoa moja kwa moja katika seva ya zamani kwenda katika mpya.

SIKU YA KUHAMA

Baada ya jaribio la tatu hesabu zote zililingana. Tulipanga siku, tukawatangazia watumishi wote. Ijumaa saa kumi jioni tulifunga daftari: kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuandika chochote katika seva ya zamani. Hili ni la lazima. Mtu mmoja akiendelea kuandika upande huu wakati kumbukumbu zinahamishwa, kazi yake itabaki nyuma. Malipo yaliyopokelewa Jumamosi yaliandikwa katika fomu za karatasi zenye namba, ili yaingizwe baadaye.

Usiku ule umeme ulikatika. Betri za akiba zilitosha kuifunga seva kwa utaratibu, na tukaanza upya asubuhi kutoka katika nakala. Hatukupoteza kitu ila usingizi. Jumamosi tulihesabu na kujumlisha. Jumapili tulikwenda ibadani kama wengine. Jumatatu saa tatu asubuhi seva mpya ilifunguliwa.

Programu moja ya zamani ilikataliwa kuingia, kwa sababu seva mpya inahakiki neno la siri kwa njia mpya isiyojulikana na programu ile. Hiyo ndiyo iliyochelewesha barua za wafadhili, na tunaomba radhi. Tuliamua kuisubiri programu hiyo irekebishwe kuliko kuilegeza seva mpya ili iikubali.

Seva ya zamani haikuzimwa siku hiyo. Iliachwa miezi mitatu ikiwa ya kusoma tu, ili likitokea swali tuweze kuangalia kilichokuwamo.

SEVA YA ZAMANI IMEKWENDA WAPI?

Usharika mmoja uliomba tuwape seva ya zamani kwa ajili ya darasa la kompyuta la vijana. Wazo ni jema, lakini kufuta faili si kufuta kumbukumbu. Ukifuta faili, kompyuta inaondoa jina lake katika yaliyomo na kuacha kurasa zenyewe, na mwenye ujuzi anaweza kuzisoma. Kwa hiyo tuliondoa diski zote, zikatobolewa kwa mashine ya kutobolea chuma mbele ya mashahidi watatu, na hati ikatiwa saini. Usharika ule ulipokea kioo, kibodi, na betri ya akiba.

MAOMBI KWA KAMATI ZA SHARIKA

Kazi iliyobaki haiwezi kufanywa na fundi. Ni ninyi mnaowajua watu hawa kwa sura. Tunaziomba kamati zifanye yafuatayo:

1. Kila usharika utapokea orodha iliyochapishwa ya wanafunzi na wanakikundi wake. Isomeni kwa sauti katika kikao, jina moja moja, na mjiulize: ni nani tunayemjua ambaye hayumo?

2. Andikeni jina kama lilivyo katika cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa. Kama ni Ng'-, wekeni ritifaa.

3. Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi, mfano 7 Machi 2012, ili zisigeuzwe na mashine yoyote.

4. Tarehe isiyojulikana iachwe wazi. Msibuni. Angalieni kwanza rejista ya ubatizo.

5. Namba za simu ziwe na tarakimu kumi, zikianza na sifuri.

6. Orodha za watoto zisitumwe katika makundi ya WhatsApp wala kubandikwa ukutani. Zirudishwe kwa mkono, zikiwa na saini ya mwenyekiti na ya mhazini, kupitia ofisi ya Jimbo.

NENO LA MWISHO

Tunapenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru washarika na marafiki waliochangia kazi hii, wakijua kwamba haitapigwa picha. Kisima kikikauka, kijiji kizima kinajua siku hiyo hiyo. Jina likipotea katika seva, anayejua ni mtoto mmoja aliyesimama nje ya geti la shule, naye hajui amwambie nani.

Mwaka 2009 hatukuhesabu. Safari hii tumehesabu mara tatu, na tunawaomba ninyi mhesabu mara ya nne. Orodha zitafika kwenu kupitia kwa Wakuu wa Majimbo pamoja na jarida hili.